Iceland 1940–1944: Kudai Uhuru Huku Nchi Imejaa Majeshi ya Wengine

Vitabu vingi vya Vita Kuu ya Pili hukimaliza kisa hiki kwa sentensi moja: Denmark ikatekwa na Ujerumani, Iceland ikajipatia uhuru. Ukisoma hivyo utadhani uhuru ule ulidondoka wenyewe kama embe bivu. Ukweli ni kwamba kati ya Aprili 1940 na Juni 1944 Waiceland walipita kwenye vikao vya usiku, barua za masharti, ugomvi wa ndani na maonyo kutoka Washington. Nchi yenyewe ilikuwa na watu wapatao 120,000, haina jeshi, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo ilikuwa na askari wa kigeni kila kona.

Wanaosoma diplomasia wanakihitaji kisa hiki kwa sababu kinatenganisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya: kushika madaraka, kutambuliwa na wengine, na kukamilisha karatasi za kisheria. Iceland iliyapata kwa mpangilio huohuo, na mpangilio ndio uliookoa jahazi. Viongozi wametajwa kwa majina kwa kuwa ni watu wa historia. Wananchi wa kawaida hawatajwi.

Usuli

Iceland haikuwa koloni tupu mwaka 1940. Ilikuwa na waziri wake mwenyewe katika mji mkuu, Reykjavík, tangu 1904, na tarehe 1 Desemba 1918 Sheria ya Muungano iliitambua kuwa dola kamili inayochangia mfalme na Denmark. Mfalme alikuwa Christian X. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliendelea kushughulikia mambo ya nje kwa niaba ya Iceland na kulinda bahari yake, na Iceland ikatangaza kwamba haitaegemea upande wowote katika vita yoyote, milele.

Kiini cha kisa kiko kwenye kifungu cha 18 cha sheria ile. Baada ya mwisho wa 1940, bunge la upande wowote lingeweza kudai mazungumzo ya kuurekebisha muungano. Miaka mitatu ikipita bila mkataba mpya, upande wowote ungeweza kuuvunja, ila kwa masharti mazito: theluthi mbili ya wabunge waunge mkono, kisha kura ya maoni ifanyike, ijitokeze robo tatu ya wapiga kura, na robo tatu ya waliopiga waseme ndiyo. Masharti hayo yalikuwa na kila sababu ya kuwatia watu hofu. Kura ya maoni ya Oktoba 1918, iliyouridhia muungano huo, ilipigwa wiki moja tu baada ya volkano ya Katla kulipuka, na waliojitokeza hawakufika nusu.

Nia yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1928 vyama vyote bungeni vilikwisha kusema kwamba muungano utavunjwa muda ukifika, na kauli hiyo ikarudiwa 1937. Kwa hiyo vita haikuzaa wazo la uhuru. Ilichofanya ni kuvuruga kalenda.

Usiku wa Aprili 1940

Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani waliingia Denmark, na kwa saa chache mfalme na serikali yake wakawa chini yao. Reykjavík ikajikuta na mfalme asiyeweza kutia saini chochote kwa hiari yake, na wizara ya mambo ya nje iliyo mikononi mwa adui wa Uingereza, nchi ambayo meli zake ndizo zilizotawala bahari inayoizunguka Iceland.

Waziri Mkuu Hermann Jónasson aliliita Bunge, yaani Althing, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 10 maazimio mawili yalikuwa yamepita. La kwanza lilisema kwamba kwa kuwa mfalme hawezi kutekeleza mamlaka yake, serikali ya Iceland inayashika kwa muda. La pili likachukua mambo ya nje na ulinzi wa bahari.

Tazama walichokiacha. Hawakumng'oa mfalme, hawakutangaza jamhuri, hawakusema muungano umekufa. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kivitendo mno: mwenye kazi hapatikani, kazi lazima ifanyike. Hakuna mtu Copenhagen, hata mwenye kinyongo, aliyeweza kuiita hatua hiyo usaliti. Lakini kuanzia asubuhi ile Iceland ilikuwa inaandika barua zake yenyewe, inafungua ofisi New York, na inajibu wakubwa kwa jina lake.

Jibu la kwanza lilihitajika palepale. Uingereza ilikuwa imetuma ujumbe kwamba iko tayari kuilinda Iceland, na ikaitaka ijiunge kama mshirika katika vita. Iceland ikakataa: msimamo wetu ni kutoegemea upande. Mwaka mmoja kabla, Machi 1939, serikali hiyohiyo ilikuwa imelikatalia shirika la ndege la Ujerumani, Lufthansa, haki ya kutua. Kumnyima mmoja na kumpa mwingine kungeifanya kauli ya 1918 kuwa maneno matupu.

Wageni wasioalikwa

Waingereza walikuja bila kualikwa. Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940, askari wa majini 746 walishuka bandarini Reykjavík. Kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa kumkamata konsuli wa Ujerumani, Werner Gerlach. Walipofika nyumbani kwake walikuta nyaraka zinateketea ndani ya beseni la kuogea, wakauzima moto na kuokoa zilizosalia.

Siku hiyo serikali ilifanya mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kugongana. Iliandika barua ya malalamiko makali kwamba uhuru wa nchi na msimamo wake wa kutoegemea upande vimevunjwa wazi, na ikadai fidia kamili. Kisha jioni Waziri Mkuu akazungumza redioni, akawaomba wananchi wawatendee askari wale kama wageni.

Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi naona ndiyo hatua iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika kisa hiki. Malalamiko yalikuwa kwa ajili ya kumbukumbu: dola ikilalamika rasmi kwa dola nyingine, na ile nyingine ikapokea barua na kuijibu, zote mbili zimekwisha kukubali kwamba ni dola. Utulivu ulikuwa kwa ajili ya samaki, kazi na uhai wa watu. Uingereza nayo ilileta pamoja na askari mjumbe wa kidiplomasia, Howard Smith, aliyekuwa amewakilisha nchi yake Copenhagen hadi mwezi uliotangulia. Ingeweza kuleta gavana wa kijeshi, ikaleta balozi. Aliahidi kwamba majeshi yataondoka vita ikiisha, kwamba hawataingilia utawala, na kwamba biashara itaangaliwa vizuri. Mwezi mmoja tu baada ya maazimio ya Althing, nchi iliyovamiwa ilikuwa inajadiliana na mvamizi wake kama serikali na serikali.

Mwaliko uliokuwa lazima

Mwaka 1941 Uingereza ilitaka askari wake wakapigane kwingine, na Rais Roosevelt wa Marekani alikuwa tayari kuchukua nafasi. Tatizo ni kwamba Marekani haikuwa bado vitani, na rais hangeweza kupeleka jeshi kwenye nchi isiyoegemea upande wowote bila kualikwa. Mwishoni mwa Juni, Jónasson aliambiwa kwamba mwaliko unahitajika, na haraka. Meli zenye askari wa Marekani zilikuwa zimekwisha kusogea hadi Argentia, Newfoundland, zikisubiri neno.

Hakulitaka neno "kualika". Kualika jeshi la kigeni ni kuzika kwa mkono wako sera uliyoitetea miaka yote. Baada ya mvutano likapatikana fungu la maneno ambalo kila upande ungeweza kulibeba nyumbani: Iceland inakiri kwamba mpango huo unaendana na masilahi yake, na iko tayari kuikabidhi Marekani ulinzi wake kwa masharti yafuatayo.

Masharti ndiyo yaliyokuwa mali. Katika barua zilizobadilishwa tarehe 1 Julai 1941, Marekani iliahidi kutambua uhuru na mamlaka kamili ya Iceland, na kufanya kila iwezalo ili mataifa yatakayoandika mkataba wa amani yautambue uhuru huo vilevile. Iliahidi kuondoa majeshi yake yote vita itakapokwisha, kutoingilia serikali, kubeba gharama zote za ulinzi, na kuhakikisha bidhaa muhimu zinafika kisiwani. Uingereza ikatoa ahadi zinazofanana. Tarehe 7 Julai askari wakatua. Bunge liliitwa baada ya mambo kuwa yamekwisha, likapitisha kwa kura 39 dhidi ya 3.

Kuna jambo ambalo masimulizi ya sherehe hulipita kimya. Barua zilitaka waletwe askari waliochaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu taifa ni dogo. Nje ya barua, serikali ya Jónasson iliomba kwamba askari weusi wasipelekwe Iceland, na Marekani ikaafiki. Kizuizi hicho kiliendelea kimyakimya hata miaka ya Vita Baridi. Msomaji wa Afrika Mashariki halazimiki kuligeuza shavu la pili hapa: taifa dogo lililodai kuheshimiwa na wakubwa lilitumia nafasi hiyohiyo kuwabagua wengine.

Wa haraka na wa sheria

Mvutano mkubwa zaidi ulikuwa nyumbani. Kambi moja ilisema Denmark imeshindwa kutimiza wajibu wake tangu 1940, kwa hiyo mkataba wa muungano umekufa na unaweza kuzikwa leo. Nyingine ilisema tufuate kifungu cha 18 neno kwa neno, na ikiwezekana tungoje tuketi na Wadenmark wakiwa huru.

Azimio la tarehe 17 Mei 1941 lilizibeba kambi zote mbili. Lilisema Iceland imeshapata haki ya kuuvunja muungano, ila kwa hali ilivyo si wakati wa kuitumia haki hiyo. Jambo halitaahirishwa kupita mwisho wa vita. Na nchi itakuwa jamhuri. Tarehe 17 Juni Sveinn Björnsson, aliyekuwa balozi Copenhagen, alichaguliwa kukaimu nafasi ya mfalme. Azimio lilifikishwa kwa serikali ya Denmark tarehe 20 Mei 1941. Ikumbuke tarehe hiyo.

Mwaka 1942 subira iliwaishia. Serikali ya Ólafur Thors, iliyoingia Mei, ilikusudia kumaliza kazi mwaka uleule. Hapo Washington, iliyokuwa imeandika kwamba inautambua uhuru wa Iceland, ikaomba hatua hiyo isimame. Hoja yake ilikuwa kwamba Ujerumani ingeitumia kwenye propaganda, hasa Denmark na nchi za kaskazini: tazameni, Marekani imetia jeshi, sasa inamnyang'anya mfalme mateka nchi yake. Waiceland waliona wameingiliwa, na ni kweli waliingiliwa. Lakini hawakuondoka mikono mitupu. Walipata kauli kwamba muda wa mkataba wa muungano ukishakwisha, Marekani haitakuwa na pingamizi.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo wachambuzi wanapoachana. Wako wanaosema serikali ilinyenyekea. Kwa maoni yangu Ólafur Thors alipewa zawadi asiyoitaka. Kuvunja muungano 1942 kungesimama juu ya hoja moja tu, kwamba mwenzetu ameshindwa kazi kwa sababu amevamiwa, na hoja hiyo inanuka. Kuuvunja 1944 kungesimama juu ya maandishi ambayo Denmark yenyewe iliyatia saini.

Kambi ya sheria haikunyamaza. Mwaka 1943 raia zaidi ya mia mbili, wengi wao wasomi na watu wenye majina, waliandika kuomba lisubiriwe hadi mfalme awe huru. Chama cha Social Democrats kiliegemea huko pia. Januari 1944 hata Björnsson mwenyewe alipendekeza uitishwe mkutano maalumu wa taifa ulishughulikie suala hilo, na wabunge wengi wakakasirika. Kilichowaleta pamoja hatimaye ni tarehe ile: ukihesabu miaka mitatu tangu taarifa ya 20 Mei 1941, unafika 20 Mei 1944. Wa haraka wakakubali kungoja miezi michache, wa sheria wakapata kifungu chao. Tarehe 25 Februari 1944 Bunge likapitisha azimio la kuuvunja muungano bila kura hata moja ya kupinga.

Matokeo

Mapema Mei mfalme alituma ujumbe. Aliomba uamuzi usifanywe wakati nchi zote mbili ziko chini ya majeshi ya kigeni, akadokeza kwamba hataweza kuutambua. Serikali ya Björn Þórðarson na vyama vyote walijibu kwamba ratiba haibadiliki.

Kura ilipigwa tarehe 20 hadi 23 Mei. Waliojitokeza walizidi asilimia 98, na kura za kuukataa utengano nchi nzima hazikufika mia nne. Ile robo tatu iliyowatia watu hofu ikawa mzaha.

Tarehe 17 Juni 1944, siku ya kuzaliwa ya Jón Sigurðsson, kiongozi wa madai ya uhuru katika karne ya 19, jamhuri ilitangazwa Þingvellir, uwanja wa kale wa Bunge, chini ya mvua kubwa. Wajumbe wa Marekani, Uingereza, Norway, Sweden na Ufaransa huru walikuwepo. Sveinn Björnsson alichaguliwa na Bunge kuwa rais kwa kura 30, huku kura 15 zikiachwa tupu, ishara kwamba ugomvi wa Januari haukusahauliwa. Katikati ya sherehe ikasomwa simu ya maandishi kutoka kwa Christian X, akiwatakia heri watu wa Iceland. Umati ukashangilia kwa kishindo.

Kilichofanya kazi

Hatua ya Aprili 1940 ndiyo iliyolipa zaidi, na haikugharimu kitu. Kwa kushika madaraka bila kudai haki mpya, Iceland iliondoa haraka kwenye meza. Baada ya hapo kila mwezi wa kungoja ulikuwa mwezi wa kujitawala, kwa hiyo kungoja hakukuwa kupoteza.

Jambo la pili ni jinsi walivyouza kitu ambacho wasingeweza kukizuia. Roosevelt angetua kwa namna moja au nyingine, maana Waingereza walikwisha kuonyesha mwaka uliotangulia kwamba bandari haina mlango. Thamani ya Iceland haikuwa ruhusa, ilikuwa sura ya ruhusa, na Jónasson aliiuza kwa ahadi ya kutambuliwa kwenye mkataba wa amani. Bei hiyo ingeshuka sana miezi mitano baadaye, Pearl Harbor ikishashambuliwa na Marekani ikiwa vitani.

Tatu ni kifungu cha 18 chenyewe. Wanadiplomasia wa nchi ndogo huona masharti magumu kama mtego. Hapa ugumu wa masharti ndio uliotoa ushahidi. Mfalme aliyesema hatatambua alituma heri baada ya matokeo, na sidhani kura ya asilimia sitini ingempeleka huko.

Kilichokwama

Maneno "vita itakapokwisha" yaliandikwa kwa haraka ya Juni 1941, na yaliwagharimu. Ujerumani ilipojisalimisha, Marekani ilisema vita haijaisha mpaka mikataba ya amani iwekwe saini. Tarehe 1 Oktoba 1945 ikaomba kambi tatu kwa muda mrefu, huku miaka 99 ikitajwa. Iceland ilikataa, lakini Oktoba 1946 ikakubali Marekani iendelee kuutumia uwanja wa ndege wa Keflavík. Bunge lilipitisha kwa kura 32 dhidi ya 19, na serikali ikavunjika kwa sababu hiyo. Kama mtu angeandika 1941 tarehe ya kuhesabia, au tukio mahususi, mazungumzo ya 1945 yangeanzia mahali pengine kabisa.

Msimamo wa kutoegemea upande nao ulibaki na mgongano ambao haukutatuliwa. Mwanzoni mwa 1945 Iceland ilitakiwa itangaze vita ili ialikwe San Francisco kwenye kuasisi Umoja wa Mataifa. Ikakataa, ikaingia baadaye, Novemba 1946. Nchi iliyokuwa kambi kubwa ya washindi ilikosa kiti kwenye kikao cha washindi.

Ndani ya nchi, serikali iliyolinda mamlaka yake kwa kalamu dhidi ya majeshi makubwa iliishia kuwalinda wasichana wake kwa polisi. Askari walipokuwa makumi ya maelfu, uhusiano wao na wanawake wa Reykjavík ulifanywa jambo la usalama wa taifa. Mwaka 1941 kamati iliandika ripoti, wasichana wakafuatiliwa na kuhojiwa, na baadhi yao 1942 wakapelekwa kwenye makao maalumu shambani, Kleppjárnsreykir. Hakuna aliyeishurutisha Iceland kuifanya sera hii.

Kwa Denmark, maumivu yalikuwa ya kweli. Wadenmark wengi waliona wameachwa wakiwa wamelala chini, na mazungumzo ya kumalizia mambo ya raia na haki za uvuvi yaliendelea baada ya vita. Lakini hawakuweza kusema wameibiwa, kwa sababu kila hatua ilikuwa kwenye sheria yao wenyewe, na nadhani hilo lilisaidia baadaye. Bunge la Denmark lilikubali mwaka 1961 kurudisha hati za kale za Iceland zilizohifadhiwa Copenhagen, na Aprili 1971 meli ya kivita ya Denmark ikafikisha mbili za kwanza bandarini Reykjavík.